Mtungi wa Tatu

Kazi yangu ni kuhesabu.
Hombolo, chumba cha mwisho, dirisha limezibwa karatasi nyeusi,
mitungi minne ya kioo juu ya kichanja,
kila mmoja na nusu kilo ya mtama mweupe
na fukusi ishirini: majike kumi, madume kumi.
(Dume utamjua kwa pua fupi yenye makwaruzo.)
Mtungi wa kwanza hukaa kwenye joto la enzi za bibi yangu.
Wa pili, joto la leo.
Wa tatu na wa nne, joto la watoto wa watu
ambao bado hawajatungwa mimba.
Kisanduku cha umeme kinakoroma kama mwenye mafua
nami naandika kwa penseli, maana wino hukauka.

Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai moja,
huziba tundu kwa ute wake,
akaondoka kama aliyesukuma barua chini ya mlango.
Mtoto huila nyumba yake kutoka ndani.
Mtungi wa kwanza, alitoka siku ya thelathini na saba.
Wa pili, siku ya ishirini na tisa.
Siku nane tu, mtasema.
Kiulizeni kilindo cha mama mkwe wangu kule Chipanga!
Zamani mtama wake ulifika Desemba ungali na uzito;
mwaka jana, mwezi wa kumi, alichota kwa kibuyu
ukamwagika unga ambao hakuna aliyeusaga.
Akasema: huu ni mkono wa mtu.
Akanitazama.

Miaka saba kwa mwanawe Ndahani,
tumbo langu bapa kama ungo.
"Mkono mkavu hukausha na akiba."
Ningemwambia nini?
Kwamba nyuzijoto mbili zimeingia kijijini bila hodi,
zikaketi kilindoni, zikaharakisha uzazi wa wadudu?
Angenijibu: heri wadudu.

Mtungi wa tatu nikausubiri.
Siku ya ishirini na tano. Thelathini. Arobaini.
Nikapasua punje kwa wembe: mayai yamo,
meupe, kimya.
"Majike wamechoka," nikasema.
Mkuu wangu, Daktari Mbijima, hakuinua kichwa.
"Wabadilishie waume."
Nikawahamisha kwa brashi ya rangi, mmoja mmoja,
majike wa tatu kwa madume wa kwanza,
majike wa kwanza kwa madume wa tatu.

Majike wa mtungi wa tatu walizaa.
Wengine hawakuzaa.
"Joto huanza na dume," akasema, akifuta miwani,
kama anayenipa bei mpya ya sukari.
Niliandika: dume.
Nikafuta.
Nikaandika tena, karatasi ikatoboka.

Msishangilie kwamba mdudu atakoma.
Kabla ya ukimya wa mtungi wa tatu
lazima tupite kwenye wingi wa mtungi wa pili,
na sisi ndio kwanza tumeingia.
Tena nyuki je, wa mizinga ya Manyoni?
Huku nje hakuna mtungi wa kwanza
wa kuazimia madume.

Sisemi kwamba mtu ni fukusi.
Nasema tu kwamba kwa miaka saba
hakuna aliyewaza kubadilisha swali.

Jioni namkuta Ndahani uani, kachuchumaa kwenye turubai,
anachambua mtama kwa mikono iliyobabuka,
mikono ya tanuri la matofali.
"Umehesabu wangapi leo?"
Huuliza kila siku, kwa utani.
Namwambia kuna vipimo hospitali ya mkoa.
Vya watu wawili.
Anaokota punje moja, anaibana kati ya meno,
haitafuni.

"Jumatatu," anasema.

Jumatatu ndiyo siku ya kufungua mtungi wa nne.